Ile Chai Uliyoiita Maji

Mlimani, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Ukipokea bahasha nene iliyofungwa kwa uzi, na mkononi inachakarisha, usiitikise. Ni chai. Nimempa dereva wa lori la maziwa na nimemwambia aiweke mbele pamoja naye, mbali na mapipa, maana chai hunyonya harufu ya kila kilicho karibu. Sitaki uionje halafu useme dada yako siku hizi anaipikia zizini.

Ni mavuno ya kwanza ya shamba la juu, lile la marehemu mama. Nimechuma mwenyewe, chipukizi na majani mawili, ukungu haujainuka bado. Nikayatandaza kwenye masinia darini usiku kucha, mpaka jani ukilikunja halivunjiki. Nikayaviringisha kwa mikono, nikayafunika kwa kitambaa kibichi hadi yakageuka rangi ya shaba na kuanza kunukia tunda. Ndipo nikayapeleka kwenye karai, juu ya makaa ya taratibu. Kama mama. Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu.

Baba mdogo kaja tena jana na kamba yake ya kupimia. Tangu tumzike baba ardhi iko mikononi mwake, na yeye akitazama kule juu haoni chai, anaona miti ya mbao. Ila tumepatana mbele ya ukoo wote: nina msimu huu mmoja tu. Yule mama mwenye duka la chai huko mjini akiichukua chai ya shamba la juu, michai inabaki. Akiikataa, inang'olewa yote, mpaka ule mstari mama alioupanda akiwa na mimba yangu.

Kwa hiyo sina mwingine, kaka. Wewe ndiye unayeonja chai za watu kutwa nzima na kuzitemea kwenye ndoo. Wewe ndiye pale mnadani wanakuita Ulimi. Onja, niambie nirekebishe nini kabla hatujampelekea mwenye duka. Na maji yasichemke mpaka yaruke. Vikianza kutoka vipovu pembeni mwa sufuria, epua. Najua unajua. Nakukumbusha tu ili roho yangu itulie.

Msalimie wifi.

Mdogo wako


Mjini, 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Jibu limechelewa kwa sababu nilikuwa kitandani. Homa na mafua ya namna ile sijapata kuyaona. Wifi yako alinipaka dawa kifuani, anasema chumba kizima kilinuka mpaka majirani wakauliza, mimi wala sikusikia harufu. Sasa nimeinuka, nimerudi kazini, kimebaki kikohozi tu.

Chai yako nimeionja jana. Nimeipika mwenyewe, birika nimelipasha moto kwanza, nimeifunika, nimeingoja. Nisikufiche: ni maji. Maji ya moto yaliyotiwa rangi. Haina mwili, haikamati pembeni mwa ulimi, haiachi chochote kooni. Nikadhani ni haraka yangu, nikavuta kijiko kingine. Vilevile.

Ninavyoona mimi, umeyanyausha kwa pupa. Yaache darini zaidi. Ukiviringisha, bonyeza kwa nguvu mpaka jani litoe utomvu, halafu yafunike mpaka yakolee hasa, usiyaonee huruma. Kisha niletee tena. Na usininunie. Kazi yangu ni kusema ninachokikuta kikombeni, hata kama kikombe ni cha kwetu.

Kaka yako, Ulimi


Mlimani, 29 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa homa. Ungeniambia mapema ningekuletea asali.

Maji! Nilisoma barua yako nikaiweka chini, nikainjika sufuria, nikaipika ile ile na kuinywa nimefumba macho. Mimi nilikuta maua kwanza, halafu utamu wa mbali, halafu ule ukali mdogo wa mwisho unaokufanya umeze mate. Nikasema labda najipendelea. Nikampa jirani yetu mkunga, ambaye kumsifu hata mwanawe mwenyewe ni kazi. Akanywa. Akaniuliza, "Mama yako yuko jikoni?" Nililia pale pale, yeye akabaki ananitazama, kikombe mkononi.

Lakini mkunga kazi yake ni kuzalisha, na mimi naonja kwa mapenzi. Wewe umesomea, unaonja kwa haki. Basi nimefanya ulivyosema, ingawa mkono ulikuwa mzito. Mama alikuwa anatuambia jani la kule juu limekua polepole kwa sababu ya baridi, ladha yake iko tayari ndani, ukilibana sana unaliudhi. Nimelibana. Rangi imekuwa nyekundu kama chai ya mgahawani. Uionje hiyo ya pili iliyomo humu.

Ile ya kwanza iliyobaki nimeifungia kwenye kopo la mama, lile la kifuniko chekundu, nikalisukuma nyuma kabisa ya rafu. Sitaki hata kuliona.

Mdogo wako


Mjini, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Bado. Nimeipika mara tatu, na mara zote nilichopata ni joto tu mdomoni. Unanitania au vipi?

Mwaka huu kuna kitu kimeharibika, labda ni mvua. Hata chai za mashamba makubwa zinazokuja mezani kwetu zimekuwa hafifu, zote, moja baada ya nyingine. Nawaambia wenzangu, wanabisha, wanatazamana. Watu wameshazoea vibaya, hawajui tena chai ni nini. Hata nyumbani, nimemwambia wifi yako asiwe mchoyo wa chumvi, amenuna tangu juzi.

Sasa sikiliza. Unaogopa moto. Chai iliyoogopwa hujulikana. Washa makaa hasa, karai liwe jekundu chini, kaanga mpaka jani liwe jeusi na lianze kutoa mvuke wa kukutoa machozi. Nataka chai inipige kofi. Kwa hii uliyonitumia, mwenye duka atatucheka, na mama angekuwa hai angeona haya jina lake kutajwa nayo. Nakwambia kwa ukali kwa sababu najua kinachokungoja kule juu. Baba mdogo hana mzaha.

Kaka yako, Ulimi


Mlimani, 20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Kumtaja mama hukupaswa. Lingine lolote ungesema, ningelimeza.

Nimewasha moto kama ulivyotaka. Moshi ulijaa jiko zima, mkunga akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Alipoona ni mimi na karai akaniuliza kama nimerogwa. Nimekuletea. Mimi nikiinusa naona imeungua. Nikiinywa ulimi unakauka na ninabaki na ladha ya masizi mpaka jioni. Lakini hata ile ya kwanza niliiona nzuri nikaambiwa ni maji, kwa hiyo sasa sijui ninachokiona. Siku hizi naonja naona aibu. Nageuza kijiko mdomoni najiuliza, je, hii nayo ni mimi nimekosea?

Nijibu kwa lori hili hili likirudi, nakuomba. Masika yakikolea jani linajaa maji, halifai tena. Kwa hiyo yaliyobaki kule juu lazima niyachume na kuyatengeneza sasa, yote, kwa njia moja. Hakuna tena sampuli. Niambie wazi tu: nifanye kama ya kwanza, kama ya pili, au kama hii? Utakalosema ndilo nitakalofanya. Baba mdogo ameshaleta miche ya mbao, ameipanga nyuma ya nyumba yetu, asubuhi anaimwagilia kwa ndoo yangu.

Mdogo wako


Mjini, 2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na unisamehe kwa maneno ya barua ile.

Hii ndiyo. Umeipata. Maua kwanza, halafu utamu wa mbali kama asali, halafu ule ukali mdogo wa mwisho. Kama ya mama kabisa. Tengeneza yote hivi hivi, usibadilishe kitu, uipakie kwenye magunia mapya uniletee. Mwenye duka nitampelekea mwenyewe.

Usiwe na wasiwasi. Pumzika. Umefanya kazi kubwa, na mimi najivunia wewe kuliko unavyojua.

Kaka yako


Mjini, 26 Mei

Wifi yangu,

Salamu nyingi. Barua hii itakufikia kwa lori lile lile linalokurudishia magunia, nami najua utayaona magunia kwanza. Kaka yako hajui naandika. Yuko chumbani, amegeukia ukuta.

Tulikwenda dukani pamoja, mimi nikibeba mkoba wa sampuli. Mama mwenye duka alitupokea vizuri, akapanga vikombe vyeupe mezani, akapika kwa utaratibu wake. Akavuta kijiko. Akatema, akafuta mdomo kwa leso. Akasema, "Ulimi, hii umeionja?"

"Nimeionja."

"Ionje tena, mbele yangu."

Kaka yako akavuta kijiko kwa ile sauti yake ya kazini, akafumba macho, akasema, "Maua. Halafu asali." Wifi, msichana anayefungasha chai pale pembeni alicheka, akajiziba mdomo. Mama wa watu hakucheka. Alisema, "Mimi nahisi nimelamba sufuria iliyoungua. Nilimjua mama yenu. Chai ya shamba lile nimeitafuta tangu alipofariki, ndiyo maana nilikubali kuingoja hii. Kuna nini hapa?" Kaka yako akasimama akatoka. Alisahau kofia. Nikaichukua mimi.

Sasa nikwambie kilichopo. Ulimi wake umekufa. Ulikufa na ile homa ya Machi na haujarudi. Mwanzoni hakujua, naapa hakujua. Alidhani dunia nzima imepungukiwa chumvi. Alinigombeza mezani mpaka nikataka kurudi kwetu. Halafu asubuhi moja mwishoni mwa Aprili, barua yako ya kutaka jibu ikiwa mezani, mimi nikakosea makopo nikatia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Nilipoonja yangu niliitema sakafuni. Kugeuka, yeye ameshamaliza kikombe chake, anatafuta viatu. Nikamwambia, "Umekunywa chumvi." Akatazama ndani ya kikombe. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Mdogo wangu asijue."

Nilimwambia akuandikie ukweli. Akasema ukweli ukiandikwa utafika mnadani, na muonjaji asiye na ulimi wa nini? Akasema atatumia kumbukumbu, mbona chai ya mama anaijua kwa moyo. Akachukua barua yako ya zamani, ile ya mkunga, akanakili maneno yako mwenyewe ya maua na utamu, akakurudishia. Nilikuwa nimekaa naye meza moja. Nilinyamaza, wifi. Nyumba hii ilikuwa inakula kwa ulimi ule, na mimi nilinyamaza.

Mnadani wamejua vilevile. Wamempeleka ghalani kupokea magunia. Usimchukie peke yake. Nichukie na mimi.

Wifi yako


Mjini, 4 Juni

Mdogo wangu,

Wifi yako ameniambia amekuandikia. Basi sina la kuficha, na nitakuomba radhi uso kwa uso, siyo kwa karatasi. Leo naandika kwa jambo jingine, jambo la furaha.

Jana wifi yako alikuwa anatafuta mfuniko, akakuta nyuma ya kabati bahasha yako ya kwanza kabisa, ya Machi, na chai kidogo ndani. Akaipika. Mimi nilikuwa nimekaa, nikamwona anakunywa, mara akaacha. Akanishika mkono, akasema, "Hii ndiyo aliyokuwa anaisema dada yako." Hatukubadilisha hata nguo. Tulikimbia nayo dukani. Mama mwenye duka alivuta kijiko kimoja na hakutema. Alimeza! Akakaa kwenye kiti. Amesema msimu ujao atachukua yote ya shamba la juu ikitengenezwa hivyo hivyo, na yuko tayari kupanda mwenyewe huko kuongea na baba mdogo, kesho kutwa ikibidi.

Ulikuwa sahihi tangu mwanzo, wewe na mkunga wako. Mwambie baba mdogo asiguse hata tawi. Mwambie mwenye duka ameshakubali. Mshike miguu ikibidi. Na ile iliyobaki kwenye kopo la mama itunze, mwenye duka anataka nyingine kidogo awaonjeshe wateja wake.

Siwezi kuionja, lakini nilimwona uso alipoimeza. Nimeridhika na hilo.

Kaka yako


Mlimani, 15 Juni

Kaka,

Barua yako ya furaha imefika. Nimeisoma nimesimama, kwa sababu benchi la nje limejaa mizizi.

Magunia yaliporudi baba mdogo alikuwa barabarani, kama vile aliambiwa. Alimsaidia dereva kuyashusha. Hakunicheka, hakusema, "Nilikwambia." Alinipa pole, ndiyo iliyoniuma zaidi. Kesho yake akaja na wanaume wa sururu na minyororo, wakaanzia chini wakielekea juu. Mchai wa zamani hautoki hivi hivi. Wanachimba kuuzunguka, wanaufunga mnyororo, wanavuta wote kwa pamoja wakiimba, na unapotoka unatoa mlio. Sikujua kwamba utatoa mlio.

Saa za mapumziko waliomba chai. Niliwapikia ile yako, iliyorudi, sufuria kubwa na sukari ya kutosha. Walikunywa wakaongeza. Mmoja akasema, "Mama, hii ndiyo chai ya kiume." Kwa hiyo usiseme haikupata wa kuisifu. Magunia yaliyobaki nimewaachia wakagawana.

Unasema nilikuwa sahihi. Ninajua. Nilikuwa najua tangu Machi, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, siyo wewe. Ulimi wako ulikufa kwa homa. Mafua hayamwombi mtu ruhusa. Wangu mimi ulikuwa mzima. Nilikuwa na chai ya mama mdomoni, nikaitema kwa sababu barua imesema ni maji. Nikakaa jikoni naunguza majani mazuri kwa mikono yangu huku pua inaniambia acha, acha. Baba mdogo aling'oa michai, lakini chai niliimaliza mimi kabla yake.

Ila lako ni lile la Mei. Hilo sitaliita homa. Niliuliza swali moja, kaka, nikasema utakalosema ndilo. Jani lilikuwa bado liko mtini. Ungeniandikia, "Sijui, dada, siwezi kuonja, fanya unavyoona wewe." Maneno machache tu. Wewe ukanirudishia maneno yangu mwenyewe na jina la mama juu yake.

Hao wanaume walipofika kwenye ule mstari wa juu kabisa nilishindwa kutazama. Niliingia ndani nikalitoa kopo la kifuniko chekundu. Nikainjika maji, vipovu vikaanza pembeni, nikaepua. Nikapasha birika. Nikafunika, nikangoja, nje wanaimba. Ilikuwa kama nilivyoiacha. Maua, halafu utamu, halafu ule ukali wa mwisho. Nilimwita mkunga, tukanywa kikombe baada ya kikombe, mpaka majani ya mwisho yakatoa maji meupe na nyimbo za nje zikawa zimekwisha.

Mwambie mama mwenye duka asipande mlima. Hakuna kitu cha kuja kutazama, ila miche ya mbao, na hiyo haijafika magotini. Na kopo usiliulizie tena. Nimeliosha nimeweka misumari. Sikukubakizia, kaka. Ungeinywa, ungesema ni maji.

Mdogo wako